Mkono wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hufunzwa kwa kazi, si kwa kunyooshwa

MTOTO anapokaribia umri wa miezi minne, viganja vyake ambavyo tangu kuzaliwa vilikuwa vimefumbwa huanza kufunguka, naye huanza kunyoosha mkono kukifuata kitu anachokiona. Kwenye mwezi wa sita au wa saba hukihamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na anapokaribia mwaka huokota punje ya mahindi kwa ncha za kidole gumba na cha shahada. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, safari hiyo aghalabu huchelewa au hukwama njiani, na wazazi wengi hawaling'amui jambo hilo kwa kuwa macho yao yote yako kwenye miguu.

Swali la kwanza wanalouliza kliniki ni lini mtoto atatembea. Ni swali la haki. Hata hivyo, asiyetembea huweza kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, lakini asiyeweza kupeleka kijiko kinywani, kufunga kifungo wala kujisafisha atokapo msalani hubaki akimtegemea mwingine kila siku ya maisha yake, hata siku ambayo mama hatakuwapo.

Mtindio wa ubongo ni tatizo la kudumu la mwendo na mkao litokanalo na kudhurika kwa ubongo ambao bado unakua, iwe kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. William John Little, daktari wa London, aliwaeleza madaktari wenzake habari zake mwaka 1861, akilihusisha na uzazi mgumu na kuzaliwa kabla ya siku. Katika nchi zetu huongezeka manjano kali ya watoto wachanga isiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Dhara lililo katika ubongo haliendelei kukua, haliambukizi, wala halitokani na laana. Kinachobadilika ni mwili: misuli iliyokakamaa hufupika kadiri mifupa inavyorefuka, na mkono usiotumika huzidi kusahaulika.

Si watoto wote wanaoathirika namna moja. Wengi misuli yao hukaza, ngumi ikafumbwa na gumba likajificha ndani ya kiganja. Wengine mikono hujinyonganyonga bila hiari yao, na wachache hutetemeka wanapolenga kitu. Wapo pia walioathirika upande mmoja tu, na hawa ndio wanaopotea kirahisi. Mzazi humwona mtoto wa miezi minane akitumia mkono wa kushoto peke yake, akafurahi kwamba amepata mtoto wa mashoto. Kwa kawaida mtoto haonyeshi mkono anaoupendelea kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Anayefanya hivyo mapema anastahili kupelekwa kwa daktari, si kusifiwa.

Mwaka 2006, Ann-Christin Eliasson na watafiti wenzake wa Sweden walichapisha kipimo kiitwacho MACS, kinachowapanga watoto wa miaka 4 hadi 18 katika ngazi tano kulingana na wanavyotumia mikono katika shughuli za kila siku. Wa ngazi ya kwanza hushika vitu bila taabu kubwa. Wa ngazi ya tano huhitaji kusaidiwa kwa kila kitu. Mtoto wa ngazi ya nne hahesabiwi kuwa amepona kwa kupanda hadi ya pili, maana ngazi aghalabu hazibadiliki sana. Anayejifunza kula mwenyewe akiwa katika ngazi yake amepata kitu kikubwa.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kumlaza mtoto na kumnyoosha viungo, naye akiwa ametulia tu. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa kunyooshwa peke yake hakumfundishi mtoto kutumia mkono. Ubongo hujifunza pale mtoto mwenyewe anapojaribu, akakosea, akajaribu tena, na kazi anayoifanya ikawa na maana kwake. Anayetakiwa kujua kuvua shati afunzwe kwa shati.

Kwa walioathirika upande mmoja zipo njia mbili zilizothibitishwa vizuri. Ya kwanza, iliyotokana na kazi za Edward Taub wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham, Marekani, ni kuuzuia mkono mzima kwa glavu au soksi kwa muda maalumu ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Ya pili, iliyoendelezwa na Andrew Gordon na wenzake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ni kumpa mtoto michezo isiyowezekana bila mikono miwili. Zote zinataka saa nyingi za mazoezi, na ile ya kwanza isianzwe nyumbani bila maelekezo ya mtaalamu.

Kabla ya mkono huja kiti. Mtoto anayepigana asianguke hana mkono wa kuchezea. Akae nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa, nyayo zikigusa sakafu au ubao, na meza ifikie viwiko. Asiye na kiti maalumu huweza kuegemezwa kwenye kona ya ukuta. Ngumi iliyokaza isifunguliwe kwa kuvuta vidole. Kunja kifundo cha mkono taratibu kuelekea chini, na vidole vitalegea vyenyewe. Gumba lishikwe kwenye shina lake, si kwenye ncha. Kijiko kilichozungushiwa kitambaa au utepe wa mpira wa baiskeli hunenepa kikashikika.

Kazi zenyewe zimejaa jikoni: kumenya ndizi, kupura maharage, kukanda unga wa chapati, kufungua kopo lenye kitu akipendacho. Bao la kete, pamoja na kuchota na kupanda kete zake shimo kwa shimo, ni zoezi ambalo kiwanda cha vifaa vya tiba kingeliuza ghali. Mtoto anayetia kila kitu mdomoni asiachwe peke yake na kete wala punje.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni haraka. Mama mwenye watoto wanne na moto jikoni humlisha kwa dakika kumi anayehitaji nusu saa, na hakuna wa kumlaumu. Achague basi mlo mmoja tu kwa siku, pengine wa jioni, ambao mtoto atajilisha hata akimwaga, na wengine wa nyumbani wapokezane kukaa naye.

Watoa tiba kwa vitendo, ambao kazi yao hasa ni hii, ni wachache, ingawa KCMC mjini Moshi imekuwa ikiwafundisha, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huwahudumia watoto hawa. Aishiye mbali aulize kwanza idara ya mazoezi ya viungo katika hospitali ya mkoa.

Shuleni penseli huleta vita vipya. Penseli nene, karatasi iliyobandikwa isiteleze na ubao ulioinuliwa kidogo husaidia wengi. Ambaye kila mstari unamgharimu dakika tano apewe muda zaidi au aruhusiwe kujibu kwa mdomo, ili mwalimu apime anachokijua badala ya kupima vidole vyake.