Umeme wa Upepo Baharini (2): Mtambo Unaoelea Utatengenezwa Wapi?

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba mtambo wa upepo uliosimikwa kwenye sakafu ya bahari una mpaka wake: kina kikizidi takriban mita 60, nguzo huwa kubwa na ghali mno. Sehemu kubwa ya upepo wa bahari za Ulaya, takriban asilimia 80 kwa makadirio yanayotajwa sana, huvuma juu ya maji marefu kuliko hayo. Wanaoitilia shaka mitambo inayoelea huanza na dhoruba: mnara mrefu namna ile, usio na msingi, utasimamaje? Hilo limeshajibiwa. Gumu ni kujua mtambo ukiharibika huko nje utatengenezwa wapi.

Tuutazame mradi wa Hywind Scotland, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 2017 nje ya pwani ya Peterhead. Una mitambo 5, kila mmoja wa megawati 6. Kila mnara umekaa juu ya silinda ya chuma iliyozama mita 78, na kitako chake kimejazwa farumi, kwa hiyo ikiinamishwa na wimbi hurudi wima yenyewe. Minyororo 3 huifunga kwenye nanga zenye umbo la pipa lililozibwa juu: zikishatua kwenye tope, maji yaliyomo hufyonzwa kwa pampu, na mkandamizo wa bahari huzididimiza. Katika miaka ya mwanzo mradi ulitoa wastani wa takriban asilimia 54 ya uwezo wake, kiwango ambacho mitambo mingi iliyosimikwa haikifikii.

Kisha, mwaka 2024, mitambo yote 5 ilifunguliwa minyororo ikavutwa hadi Norway kubadilishwa beringi kuu. Penye kina kifupi kazi hiyo hufanywa palepale, na meli inayosimamisha miguu yake sakafuni. Penye mita 100 haiwezekani hivyo, na kreni ya meli inayoyumba haipandishi kwa urahisi mzigo wa tani nyingi kwenye mnara unaoyumba pia. Bandari ya Peterhead nayo haina maji ya kupokea silinda ya mita 78. Fiodi za Norway zinayo. Wapo waliosema huko ni kushindwa. Sikubali, maana mitambo ilivutwa baharini na kutengenezwa. Kilichokosekana ni mahali pa karibu pa kuifanyia kazi. Mitambo ya Kincardine, mradi jirani wa Hywind Scotland, huelea juu ya jukwaa pana lisilozama sana, linaloweza kuingia bandari ya kawaida, lakini mwaka 2022 mtambo mmoja nao ulivushwa Bahari ya Kaskazini hadi Rotterdam kutengenezwa.

Pingamizi zito ni bei. Katika mnada wa Uingereza wa 2024, umeme wa mitambo inayoelea ulikubaliwa kwa takriban pauni 140 kwa megawati-saa, kwa thamani ya pauni ya 2012. Wa mitambo iliyosimikwa haukufika 60. Lakini mwaka 2015 huo uliosimikwa nao ulizidi pauni 114, na kufikia 2017 kulikuwa na mkataba wa 57.50, baada ya viwanda kuzoea kurudia kazi ileile na mitambo kuwa mikubwa. Mitambo inayoelea haijapata mazoea hayo, kwa kuwa miundo inayoshindana ni mingi na kila mradi karibu unaanza upya. Wavuvi nao wana haki ya kulalamika, kwani minyororo hutanda mbali chini ya maji na nyavu za kukokota haziwezi kupita. Fidia yao lazima ihesabiwe ndani ya bei. Kwa hiyo ruzuku ya megawati peke yake haitoshi. Fedha za umma zianzie kwenye gati lenye kina na kreni nzito, na miradi ipewe mikataba ikikubali kutumia muundo mmoja au miwili inayoweza kuingia humo.