NAMBA ZA SIMU ZINAZOKULA MSHAHARA



Mwenzetu mmoja wa hapa gatini aliweka salio la shilingi 2,000 asubuhi ili aulize habari za fedha zake katika ofisi moja ya mjini. Simu ikaitika. Sauti ya mashine ikamkaribisha kwa Kiingereza, ikamwambia abonyeze 1, kisha 3, kisha asubiri. Muziki ukapigwa. Alisubiri mpaka salio likaisha, na hakuna binadamu aliyesema naye. Jioni alituuliza: je, pesa yangu imekwenda kwa nani?

Tuanze na namba zenyewe. Zamani namba ya simu ilikuwa na kwao. Ukiona 041 ulijua ni Kampala, ukiona 043 ulijua ni Jinja, na gharama ulikadiria kwa umbali. Mpaka leo 0414 ni Kampala na 0434 ni Jinja. Lakini sasa ziko namba nyingi zisizo na kwao. Mwenyewe anaweza kukaa popote, na bei yake haisomeki katika tarakimu.

Namba hizo ni za aina mbalimbali. Namba inayoanza na 0800 ni ya bure kwa anayepiga, kwa sababu gharama hulipwa na ofisi inayopigiwa. Hiyo ndiyo namba ya kuitafuta kwanza. Hata hivyo tumewahi kujaribu namba ya bure kutoka laini moja ikaita, na kutoka laini nyingine ikakataa, kwa hiyo jina la bure peke yake halitoshi. Ziko namba za kawaida ambazo ofisi huziandika juu ya karatasi zake, nawe ukisubiri, unalipa kwa kusubiri. Tena ziko namba fupi za tarakimu tatu au nne, na hapa ndipo penye shimo. Baadhi ni za msaada. Nyingine huuza matokeo ya mpira, mistari ya dini, bahati nasibu, au wimbo wa kumchezea anayekupigia. Ukibonyeza mara moja kwa kutojua unaandikishwa, na kila siku salio linakatwa.

Pesa hiyo hugawanywa. Kampuni ya simu hupata fungu, na mwenye huduma hupata lake. Serikali nayo imo: tangu mwaka 2021 ushuru wa salio na wa huduma hizi ni asilimia 12, na juu yake iko kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Basi wote watatu wanafaidika namba inapokuwa ghali, na wewe peke yako ndiwe unayetoa. Tusishangae basi kwamba hakuna mwenye haraka ya kuitengeneza hali hii.

Tuseme huduma inakata shilingi 200 kwa siku. Ni pesa ndogo, hata kuidai ni aibu, na hiyo ndiyo siri ya biashara yenyewe. Kwa siku 30 ni shilingi 6,000. Wafanyakazi wa Uganda wanaifahamu hesabu hiyo. Shilingi 6,000 kwa mwezi ndicho kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984, na sheria mpya haijapatikana. Bunge lilipitisha muswada mwaka 2019 lakini Rais hakuutia sahihi. Yaani mlio wa simu ambao hukuuomba unaweza kula mshahara mzima wa kisheria.

Sasa, nani mwenye wajibu? Ni Tume ya Mawasiliano ya Uganda, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 na kupewa sheria mpya mwaka 2013. Tume ndiyo inayogawa namba, fupi na ndefu. Tume ndiyo inayotakiwa kupokea malalamiko na kuyachunguza. Zaidi ya mara moja imeyaagiza makampuni yaache kutuma ujumbe usioombwa, na ujumbe unaendelea kuja. Sheria ya 2013 ilitaja pia baraza maalumu la kuamua mashauri ya mawasiliano. Miaka mingi ilipita bila baraza hilo kukaa. Vile vile tukumbuke kwamba Tume hupata fedha kutokana na tozo la mapato ya makampuni hayo hayo. Hatusemi imenunuliwa. Tunasema mfanyakazi asiyeandika lolote haonekani mezani pake.

Wenzetu wanaofanya kazi Uingereza wameonja jambo hili. Huko namba za 0845 na 0870 zilikuwa za maduka, benki na hata ofisi za umma, na aliyepiga kwa simu ya mkononi alitozwa zaidi bila kuambiwa bei. Hata 0800 haikuwa ya bure kwa simu za mkononi. Msimamizi wao, Ofcom, alianza kazi mwishoni mwa 2003. Wananchi walilalamika miaka nenda rudi. Mwezi Juni 2014 ndipo sheria ilipowakataza wauzaji kumtoza mnunuzi zaidi ya bei ya kawaida anapopiga kuulizia kitu alichokwisha kununua, na tarehe 1 Julai 2015 ndipo 0800 ilipokuwa bure kwa simu zote, na makampuni yakalazimishwa kutaja fungu la kila mmoja katika bei. Ni miaka zaidi ya kumi, katika nchi yenye magazeti na mawakili tele.

Madai yetu ni machache. Bei itajwe kabla simu haijaanza kuhesabiwa, tena kwa lugha tunayoielewa. Asiandikishwe mtu bila kujibu mwenyewe kwamba amekubali. Kila ofisi inayoshika fedha za wafanyakazi iwe na namba ya bure inayoita kutoka laini zote.

Kwa sasa, ukikatwa, usifute ujumbe. Andika tarehe, saa, namba iliyokukata, na salio kabla na baada. Peleka kwanza kwa kampuni yako ya simu na udai namba ya malalamiko, kwa sababu Tume itakuuliza kama ulianzia huko. Wasipokujibu, nenda Tume. Kwetu wa Port Bell si mbali: nyumba yake iko Bugolobi, njia ile ile ya kwenda mjini. Mwenzetu wa mashamba ya miwa ya Lugazi au Kakira hawezi kupoteza siku ya kazi kwa shilingi 200. Huyo na amkabidhi mwakilishi wake wa chama karatasi yake. Karatasi za tawi zima zitafungwa pamoja na kupelekwa kwa barua moja, na nakala itabaki tawini ikiwa na muhuri wa kupokelewa.