Vidole Vitatu, Mlio Mmoja
Msomaji kijana, mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Jean Bosco Mwenda alirekodiwa akipiga gita peke yake, kwa gumba na shahada tu. Nawe anza na mlio wa do. Hesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba. Kwa mkono wa kushoto, shahada ikandamize uzi wa pili karibu na kichuma cha kwanza. Kidole cha kati, uzi wa nne, kichuma cha pili. Cha pete, uzi wa tano, kichuma cha tatu. Wa sita usipigwe. Gusa mmoja mmoja: do, mi, sol. Uzi ukiwa bubu, kidole kimelala, kisimamishe. Vidole vitauma, wengi hulitundika gita ukutani. Wewe rudia kesho: haba na haba hujaza kibaba.