Viatu vya Matembezi ya Ugenini

Mgeni anayezuru Istanbul hupanda na kushuka vilima, hukanyaga njia za mawe, na huvua viatu kila aingiapo msikitini. Kiatu kisichomfaa humharibia safari tangu siku ya kwanza.

Tunashauri viatu vinunuliwe jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, kama ivimbavyo katika safari ndefu ya ndege. Vijaribu vyote viwili ukiwa umesimama, umevaa soksi utakazosafiri nazo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya takriban sentimita 1, na kisigino kisipwaye. Usitegemee namba pekee: 42 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa ndogo kuliko 42 ya kingine.

Kabla ya kulipa, uliza masharti ya kurudisha, kwani maduka mengi hayapokei mali iliyokwisha kuuzwa. Kisha udai risiti. Anza kuvivaa wiki mbili kabla ya safari, kwanza ndani ya nyumba. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi: huenda asihisi lengelenge hadi ligeuke kidonda. Akague miguu yake kila jioni.