Kichwa Kikiuma Mlimani, Shuka

UKURASA WA USALAMA NA AFYA



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya mambo ya chini: miti ya kutegemeza galeri, maji, vumbi, mawe yanayoanguka. Leo tutapanda juu. Wengi wetu tunakaa Bukavu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila upande tunaona milima. Kijana akipata likizo anataka kufika kwenye kilele cha Kahuzi. Mwingine anachukuliwa na wageni kuwa mpagazi wa Ruwenzori. Mwingine ana ndugu yake Moshi, anamwita akaone theluji ya Kilimanjaro. Wote wanasema neno moja: "Mimi ni mtu wa milima, nitaogopa nini?" Neno hilo limewadanganya watu wenye nguvu sana.

Tazama kwanza vimo. Kahuzi ina mita 3,308. Nyiragongo, ule mlima wa moto wa Goma, una mita 3,470 hivi. Karisimbi, mpakani na Rwanda, ina mita 4,507. Kilele cha Margherita katika Ruwenzori, ndicho kirefu kuliko vyote vya Kongo, kina mita 5,109. Kilimanjaro ina mita 5,895, na hakuna mlima wa Afrika unaoipita. Mbali kabisa, kati ya Nepali na Uchina, kuna Everest, mita 8,848 na kitu kidogo juu yake. Ugonjwa wa mlima huanza kuonekana kwa watu kuanzia mita 2,500 hivi. Basi hata Kahuzi yetu imo katika hesabu hiyo.

Hewa ya juu ina kasoro gani?

Mchimbaji anajua hewa mbaya. Katika galeri isiyopitisha upepo oksijeni hupungua, na gesi nyingine huchukua nafasi yake. Wazee waliofanya kazi na taa za moto waliona taa ikififia, wakatoka. Mlimani si hivyo. Hewa ya Everest na hewa ya Bukavu zina sehemu ile ile ya oksijeni, 21 kwa mia. Kinachopungua ni uzito wa hewa yenyewe.

Fikiri magodoro ya sponji yaliyopangwa moja juu ya jingine katika soko la Kadutu. La chini limebanwa na yote yaliyo juu yake, la juu kabisa limejaa nafasi tupu. Hewa pia imepangwa namna hiyo. Anayekaa pwani anavuta hewa iliyobanwa, na kila pumzi inamletea oksijeni nyingi. Hapa Bukavu tunapata kama sehemu tano juu ya sita za ile ya pwani. Kwenye kilele cha Kahuzi ni sehemu mbili juu ya tatu. Margherita ni nusu na kidogo. Kilimanjaro ni nusu tu, na Everest ni theluthi moja. Kifua kinapanuka vilevile, mtu anavuta pumzi kubwa, lakini kinachoingia ni kidogo.

Mwili haukubali kushindwa upesi. Pumzi huongezeka, moyo hupiga mbio, mtu hukojoa zaidi, na baada ya majuma kadhaa damu hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Lakini kazi hiyo inataka siku, haifanyiki kwa saa. Sisi wa Bukavu tunamzidi kidogo mtu wa Mombasa au wa Matadi, kwa sababu tumeanza na mita 1,500. Faida hiyo inatusaidia mwanzoni tu. Kuanzia mita 3,000 sisi nasi ni wageni.

Na nguvu za mikono hazisaidii. Kijana anayebeba gunia kutoka ziwani mpaka Kadutu bila kupumzika anaweza kupatwa kabla ya mzee anayetembea polepole. Mara nyingi anapatwa kwa sababu ya hizo nguvu: anapanda haraka, mwili wake haupewi nafasi. Wachaga wanaoongoza wageni Kilimanjaro husema "polepole" tangu lango la chini mpaka juu, na wageni wanadhani ni salamu. Ni dawa.

Dalili zake

Ugonjwa huanza kwa kuumwa kichwa. Kisha chakula hakitakiwi, tumbo linachafuka, mtu anachoka kuliko wenzake, usiku hapati usingizi. Ni kama asubuhi baada ya kunywa kasiksi nyingi. Mtu wa namna hiyo asipande zaidi. Akae palepale, anywe maji, apumzike. Wengi hupona kwa siku moja au mbili. Akizidi, ashuke.

Akilazimisha kupanda, mambo mawili yanaweza kumpata, na yote mawili huua. La kwanza ni maji katika mapafu. Mgonjwa anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inakuwa ya buluu, na mwishoni anatema povu lenye rangi ya damu. Watu hudhani ni nimonia, wanangoja kupambazuke. La pili ni kuvimba kwa ubongo. Mtu anasema maneno yasiyo na maana, anapepesuka, anataka kulala tu. Mpime hivi: mwambie atembee juu ya mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa kama mlevi, usimwulize anajisikiaje, maana atakujibu kuwa ni mzima. Mshushe.

Mshushe saa hiyo, hata ikiwa ni usiku, hata ikiwa kilele kinaonekana. Mita 500 au 1,000 kuelekea chini mara nyingi zinatosha kumrudishia uhai. Ziko dawa, ziko chupa za oksijeni, nazo ni za kusaidia safari ya kushuka. Zisiwe sababu ya kubaki juu. Na usimwache ashuke peke yake.

Baridi nayo

Ugonjwa wa hewa una mwenzake, na katika milima yetu mwenzake huyu ametuulia watu zaidi ya wanaotajwa. Februari 1908 mtaalamu wa mawe wa Kijerumani, Egon Kirschstein, alikuwa juu ya Karisimbi pamoja na wapagazi Waafrika. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwakuta mahali pa wazi. Wapagazi hawakuwa na nguo za baridi. Wengi walijilaza chini wakakataa kuendelea, na yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba 20 walikufa. Jina lake limo vitabuni. Majina ya wale 20 hatuyaoni.

Wale watu hawakuwa waoga wala wavivu. Mwili ukipoa mno, akili hulegea pamoja na miguu, na mtu huona kulala ni jambo jema. Kutetemeka kukikoma huku bado ana baridi, amekaribia kufa. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike pamoja na kichwa, mkinge upepo, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza. Usimpe kanyanga. Pombe hupasha ngozi na kuiba joto la ndani.

Ruwenzori ndiko penye hatari hiyo zaidi, kwa kuwa mvua hunyesha karibu kila siku na matope hufika magotini. Mwitaliano, Duke wa Abruzzi, alipofika Margherita mwezi wa sita 1906, barafu ilikuwa imefunika sehemu kubwa ya vilele. Leo imebaki kidogo, lakini baridi haikuondoka pamoja nayo.

Mpagazi ni mfanyakazi

Hapa tunasema na ndugu zetu wanaochukua mzigo wa wengine. Vitabu vinasema Everest ilipandwa mara ya kwanza tarehe 29 Mei 1953 na Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay. Huyo Tenzing alianza kazi ya mlima mwaka 1935 akiwa mpagazi. Tarehe 18 Aprili 2014, barafu ilipoporomoka katika njia ya Everest, watu 16 walikufa, na wote 16 walikuwa wafanyakazi wa Nepali waliokuwa wakitayarisha njia na kupandisha mizigo ya wageni. Baada ya hapo wenzao wengi walikataa kuendelea na kazi msimu ule, wakadai bima na malipo bora kwa jamaa za waliokufa. Kwa maoni yetu walifanya vema.

Mzigo wa mpagazi wa Kilimanjaro umewekewa mpaka wa kilo 20. Ukiajiriwa mlima wowote, uliza kabla ya kutoka kijijini: mzigo una kilo ngapi, nani anatoa koti la mvua na viatu, tutalala ndani ya nini, na mpagazi akiugua nani anashuka naye. Katika galeri huingii bila kofia ngumu. Koti la mvua ni kofia ngumu ya mlimani.

Kwa anayejitayarisha

Kahuzi hupandwa na kushukwa siku moja, kwa hiyo ugonjwa hauna muda mrefu wa kukomaa. Ruwenzori na Kilimanjaro ni jambo jingine, kwa sababu mtu analala juu, na usiku pumzi hupungua. Ukivuka mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja. Kunywa maji, kula hata kama hutaki, acha pombe na vidonge vya usingizi. Na kabla ya yote uliza wenye mbuga kama njia iko wazi, maana katika miaka hii usalama wa Kahuzi-Biega na wa Virunga umebadilika mara nyingi.

Wako watu wanaopaswa kuonana na mganga kwanza: mwenye ugonjwa wa moyo, mwanamke mwenye mimba, mwenye ugonjwa wa SS au aliye na SS katika jamaa yake. Zaidi ya hao ni wazee wetu wa galeri. Vumbi la mawe lililokaa mapafuni miaka 15 au 20 haliondoki, na mtu anaweza kuishi nalo Bukavu bila kujua, akipanda tu kile kilima cha nyumbani kwake. Kama unahema kwa ngazi za dispansari, mwambie mganga akupige picha ya kifua kabla hujafikiri Kahuzi.