Hakuna ufadhili wa michezo, na kombe wakabeba

Wacha nikupe stori ya hoki ya barafu, ule mchezo wa viatu vyenye makali ambapo wasee husukumana hadi ukutani wakigombania kisahani cheusi cha mpira.

Union College iko Schenectady, jimbo la New York, Marekani. Ni chuo cha tangu 1795, lakini kidogo: wanafunzi kama 2,200 tu. Kuna shule za upili hapa kwetu zenye idadi kama hiyo.

Mwaka wa 1975 walifungua uwanja wa barafu wakamleta kocha Ned Harkness, aliyekuwa ameshinda ubingwa wa kitaifa akiwa na RPI na tena Cornell. Jina kubwa, chuo kidogo. Baadaye akavutana na wakuu kuhusu usajili wa wachezaji, na Desemba 1977 akabwaga manyanga. Vijana wake wakaondoka naye!

Ilichukua hadi 1991 kwa timu ya wanaume kupanda divisheni ya kwanza, huku michezo mingine ya chuo ikibaki ya tatu. Na hapa ndipo stori inanigusa, mimi niliyeacha chuo karo iliponilemea. Wakati huo Union haikulipia mtu masomo eti kwa sababu anajua kufunga mabao. Wapinzani wao wengi walifanya hivyo. Kwao, msaada wa karo ulitegemea hali ya nyumbani kwenu. Sasa utamshawishi vipi staa aje kwako?

Kocha Nate Leaman, aliyefika 2003, alijenga polepole. 2011 wakaingia mashindano ya kitaifa kwa mara ya kwanza, kisha akahamia Providence. Msaidizi wake, Rick Bennett, akashika usukani na mwaka uliofuata wakacheza nusu fainali.

Aprili 12, 2014, fainali, mjini Philadelphia. Mbele yao ni Minnesota, chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi na mataji matano kabatini. Union 7, Minnesota 4. Beki Shayne Gostisbehere alifunga bao moja, akasaidia mawili na kutawazwa mchezaji bora, tena kwenye uwanja wa Flyers, timu ya kulipwa iliyokuwa tayari imemchagua.

Na Leaman? Mwaka mmoja baadaye, 2015, alibeba kombe lilo hilo na Providence.