Wakati wa Ngumi Huanzia Mguuni

Mwanafunzi wa karate akishafika mkanda wa kijani, mara nyingi huanza kuichoka oi-zuki, ile ngumi ya kusogea hatua moja mbele. Ameipiga mno, anaona ameshaimaliza, sasa anataka mapambano. Mimi naamini hapo ndipo kazi inapoanza hasa, maana anachokitafuta kwenye mapambano, yaani kumfikia mpinzani kwa wakati unaofaa, kimo ndani ya ngumi hiyohiyo.

Tuitazame kwa karibu. Mpigaji amesimama zenkutsu-dachi: goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka. Mguu wa nyuma unavutwa, unapita karibu na mwenzake, kisha unakwenda mbele. Magoti yanabaki yamekunjwa njia nzima, na kichwa hakipandi wala hakishuki. Ngumi inatulia ubavuni mpaka mguu unapokaribia kutua. Hapo nyonga inazunguka, ngumi inatoka na kujigeuza mwishoni mwa safari yake, huku mkono wa pili ukirudi ubavuni kwa nguvu ileile. Ngumi ikiutangulia mguu, uzito wa mwili unabaki nyuma na pigo linakuwa la mkono mtupu. Mguu ukiitangulia ngumi kwa mbali, mwendo wote umekwisha kufia sakafuni. Misuli inakazwa pale pa kugusa tu, kisha inalegezwa mara moja.

Kinachowaponza wengi hutokea kabla ya hayo yote. Bega linainuka kidogo. Kisigino cha nyuma kinanyanyuka. Kifua kinavuta pumzi, unyayo wa mbele unageukia nje kutafuta njia. Kila kimoja ni taarifa kwa mpinzani. Mtu akizuiwa kila mara hudhani mkono wake ni mzito, akajitesa kuuongezea kasi. Mkono una kasi ya kutosha; maandalizi hayo madogo ndiyo yanayomchelewesha.

Kuyaondoa kunataka subira. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa na kuionyesha Tokyo mwaka 1922, alisimulia kwamba kata tatu za Tekki, yaani mifululizo ya miondoko iliyopangwa, zilimchukua miaka kumi kujifunza. Kata hizo huenda kulia na kushoto tu, kwenye mstari mmoja. Hakuna hatua ya mbele ya kuficha uzembe wa nyonga, na ndiyo maana naziheshimu kuliko kata ndefu zenye kuruka.

Kuhusu wakati wenyewe, zoezi ninalolithamini zaidi ni kihon ippon kumite. Mshambuliaji anataja mahali atakapopiga, anapiga pigo moja, mwenzake anazuia na kujibu. Mzuiaji anajua pigo ni lipi na linalenga wapi. Asichokijua ni lini. Wengi hurudi nyuma mapema mno, na mshambuliaji mwerevu huwafuata hukohuko walikokimbilia. Subiri mguu wake unaosogea uupite ule aliousimamia. Tangu hapo uzito wake uko njiani, na kubadili nia ni vigumu sana.

Kuzuia kwanza na kujibu baadaye huitwa go no sen. Anayekutana na shambulio likiwa bado linakuja yuko kwenye sen no sen. Juu yake kuna sen-sen no sen, kumwahi mtu akiwa ameamua lakini mwili haujaondoka. Daraja hili la tatu halina miujiza: ni jicho lililozoea kuona bega na kisigino cha mwingine, kwa kuwa mwenye jicho hilo amekwisha kuhangaika na vyake mwenyewe.

Kwa hiyo ukirudi dojo, usimwombe mwalimu mbinu mpya. Mwombe mwenzako asimame mbele yako bila kuzuia, aseme "sasa" kila anapokuona umeanza. Piga oi-zuki polepole. Akisema kabla mguu wako haujaondoka, muulize ameona nini, kisha lifanyie kazi hilo moja mpaka lipotee.